Soksi Moja ya Kijivu

"Hapo hapatoboki," alisema Bi Nafija akiutazama ukuta. "Ukuta huu aliujenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Angetaka uwe na tundu, angeliweka mwenyewe."

Ragib alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ya jikoni, keekee ya umeme imelala pajani. Alikuwa ameshachora kwa penseli maduara mawili ukutani: moja kubwa, la bomba la moshi, na jingine chini yake, dogo, linaloenea ngumi ya mtoto. Lile kubwa bibi hakuwa na neno nalo. Moshi ni moshi, lazima utoke. Ugomvi wote ulikuwa juu ya lile dogo.

"Mama, tumeshalizungumza hili jana na juzi," alisema Mersiha, bintiye, ambaye alikuwa amelivuta tanuri kwa tela kutoka Graz, nje ya nchi, anakofanya kazi, na kesho yake alitakiwa kurudi kazini. "Moto unahitaji hewa. Hata wewe unahitaji hewa."

"Mimi nina hewa ya kutosha. Mgongo ndio sina."

Kwa miaka miwili Bi Nafija hakuwa ametoa neno mbele ya Ragib, na hata haya hakuyasema kwake. Aliusemesha ukuta. Ragib naye aliutazama ukuta huohuo, akaweka keekee chini taratibu, akasubiri. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na goti moja bovu, na kusubiri alikujua kuliko kazi nyingine yoyote.

Asingekuwa pale kama si theluji. Mafundi wote wa mji wa Travnik walimwambia Mersiha kwamba hawapandi kijijini Gornji Dub mpaka Machi, theluji ikipungua. Bibi ana miaka sabini na sita, bega lake haliinui tena shoka, na wiki ya mwaka mpya jirani alimkuta amekaa kwenye gogo la kuchanjia kuni, shoka kwenye theluji, hawezi kusimama wala hataki kuita mtu. Ndipo Mersiha aliponunua tanuri la peleti, zile punje za unga wa mbao ulioshindiliwa zinazouzwa kwa magunia, likaja na kukaa katikati ya jiko siku tatu kama mgeni asiyejua alale wapi. Siku ya nne Mersiha akateremka nyumba tatu, akabisha kwa Ragib. "Ami, najua ninachokuomba," alimwambia. "Sina mtu mwingine." Ragib alinawa mikono muda mrefu ingawa ilikuwa safi, kisha akauliza tanuri lina mdomo wa kipenyo gani nyuma.

Kazi yake ya asili ilikuwa kusafisha dohani, zile njia za moshi zinazotokea paani. Alizisafisha dohani za Gornji Dub miaka thelathini na minne, baba yake kabla yake, na kamba aliyokuwa akitumia kushushia brashi ilikuwa ya baba. Kule mtu akimwona msafisha dohani njiani hushika kifungo cha nguo yake ili apate bahati. Daktari hushika. Imamu hushika akidhani haonekani. Ragib alikuwa hawezi kwenda kununua mkate bila nusu ya kijiji kujipapasa kifuani, na alikuwa akiwatania, huyu kifungo chake kimelegea, yule ana zipu tu, ashike nini sasa. Yalipoanza kuja matanuri ya peleti na dohani kupungua, akaenda kusoma kozi, akarudi na cheti, akaanza kuyafunga mwenyewe. Alifunga saba. La saba lilikuwa la Suad, mwana wa Bi Nafija, kwenye ile nyumba ndogo ng'ambo ya ua, ambayo sasa madirisha yake yamefungwa.

Tangu Suad afe, watoto bado walishika vifungo. Wakubwa waliweka mikono mifukoni. Na Bi Nafija, akimwona Ragib anakuja, alivuka barabara akaenda upande wa pili, hata pale ambapo upande wa pili ulikuwa tope tupu.

Sasa, watu wa milima ile hawaogopi vitu vingi. Wameona vita, wameona njaa, wanaweza kukalia kamati ya mazishi na huku wanacheka. Lakini upepo wa kupenya wanauogopa. Madirisha mawili yakiwa wazi pande mbili za chumba, mtu mzima ataruka kulifunga moja kabla hajasalimia. Basini Julai, abiria wanatiririka jasho, na ole wake atakayefungua kioo. Upepo huo, kwa maelezo yao, ndio unaoleta maumivu ya shingo, figo, meno, ugumba, na midomo kwenda upande. Ukiwaambia kuwa nchi nyingine watu hulala madirisha wazi na wanaamka, watakuuliza hao watu wamezaliwa na nani.

Suad alikuwa dereva wa lori la magogo, miaka arobaini, hana mke, na mgongo wake ulikuwa umeharibika. Jioni alijilaza kwenye kochi, na kochi lilikuwa chini ya tundu la hewa ambalo Ragib alilitoboa kwa ajili ya tanuri. Ragib alimwonyesha. Alimwambia lisizibwe. Alimwambia Suad tu, kwa kuwa Suad ndiye mwenye nyumba, na hakuwaza kumwambia mwanamke anayevuka ua kila jioni na sahani iliyofunikwa ya pita, ule mkate uliojazwa nyama. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili ni kwamba hakutundika kengele ya kutahadharisha hewa ya sumu. Hakuna aliyetundika kijijini wakati ule, lakini yeye alikuwa na cheti.

Usiku aliokufa, theluji ilikata umeme. Feni ya tanuri ikasimama, moto ukiwa bado umo ndani, na moshi haukuwa na hewa ya kuusukuma juu, kwa hiyo ukarudi chumbani, pamoja na ile hewa isiyo na rangi wala harufu. Asubuhi jirani Zijo alivunja dirisha. Ragib alifika akiwa na viatu bila kufunga kamba. Walimtoa Suad wakamlaza kwenye theluji, mama yake akakaa naye kitako, kichwa chake mapajani, akimfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake kana kwamba ana homa. Ragib akarudi ndani kulizima tanuri. Hapo ndipo alipoangalia nyuma ya kochi.

Tundu lilikuwa limezibwa kwa soksi. Soksi ya sufu, ya kijivu, yenye mistari miwili myekundu kwenye shingo yake, imeshindiliwa kwa nguvu mpaka mwisho. Kijiji kizima kilizijua soksi za Bi Nafija. Alimfumia kila aliyefiwa, kila aliyezaa, kila aliyerudi kutoka mbali. Ragib mwenyewe alikuwa amevaa jozi yake asubuhi ile.

Hakufikiri. Aliichomoa, akaitia ndani ya koti, akatoka. Wakaguzi walipofika mchana walikuta tundu liko wazi, safi kabisa, na kwa kuwa lazima pawe na sababu, wakaitafuta kwenye mabomba. Waliandika kwamba ufungaji ulikuwa na kasoro. Ragib akatia saini. Akanyang'anywa kibali cha kufunga matanuri kwa majira mawili ya baridi, na kijiji kikampa adhabu yake chenyewe, bila karatasi.

Msimdhanie kuwa malaika. Zilikuwapo siku alizomchukia yule bibi. Zilikuwapo siku alizotoka nyumbani amekata shauri kwenda kumwambia, akaishia langoni. Kila mara alimwona tena akilini akiwa amekaa kwenye theluji na kile kitambaa, akarudi. Angemwambiaje mama kitu kama hicho? Na soksi je? Kuitupa hakuweza. Aliiweka kwenye kopo la kahawa, chini ya brashi, ndani ya sanduku la kazi, na sanduku hilo sasa lilikuwa hapa, hatua mbili kutoka miguu ya Bi Nafija.

Kwa hiyo lile duara dogo la penseli halikuwa jambo dogo. Akilitoboa, bibi ataliziba. Labda si leo. Mersiha akishavuka mpaka, upepo wa kwanza ukimgusa kifundo cha mguu, ataliziba, na atakufa kama alivyokufa mwanawe. Njia ya hakika ya kumzuia ilikuwa kumweleza soksi hufanya nini ikiwa ukutani. Ragib alilizungusha jambo hilo siku tatu, na siku ya tatu akashuka mjini kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu kwenye theluji, akarudi na bomba laini la chuma begani.

Akalinyanyua sasa, akazungumza na Mersiha kwa sauti ambayo mwingine naye angeisikia. Akasema tanuri hili ni la kisasa kuliko lile jingine, nyuma lina mdomo wake wa kuvutia hewa. Bomba hili litaingia ukutani na kwenda kwenye mdomo huo moja kwa moja. Chumbani halitafunguka popote. Hata nywele haitatikisika.

Kwenye jiko la zamani birika lilianza kulia, na hakuna aliyekwenda kulitoa.

"Na upepo?" aliuliza Bi Nafija. Safari hii hakuuliza ukuta.

"Hauingii ndani, mama," alisema Ragib. "Unaingia kwenye moto."

Bibi akatazama bomba, akatazama sanduku la kazi, akatazama goti bovu la Ragib. "Toboa," akasema, akaenda kutoa birika.

Ragib alitoboa. Ukuta wa marehemu ulikuwa wa mawe ya mlimani, ukala ncha mbili za keekee, vumbi likajaa kwenye nyusi zake. Palipopita bomba la moshi alikata ubao wa ukutani mpaka ukabaki mbali kwa upana wa kiganja, kwa sababu bomba huchemka na mbao husahau kuwa zilishakufa, zikawaka, akavika shimo ala ya chuma, na nafasi iliyobaki akaijaza sufu ya mawe isiyoshika moto. Nje aliunga kiungo cha njia tatu chenye kifuniko chini cha kutolea masizi, kisha akapandisha bomba wima ukutani, kipande juu ya kipande, mpaka likapita ukingo wa paa, ili umeme ukikatika moshi ujue njia yake mwenyewe bila kusukumwa na feni. Kila kiungo alikitia mpira, akakaza, akapitisha kidole kuzunguka. Mersiha alishika ngazi, pua imekuwa nyekundu. Kiungo cha tatu Ragib alikifungua na kukifunga tena mara tatu.

"Kina nini?" Mersiha akauliza kutoka chini.

"Hakina kitu."

"Sasa mbona unakifungua?"

Ragib akakikaza kwa mara ya mwisho, akashuka. Mdomo wa bomba la hewa aliuweka upande wa pili wa kona, mbali na moshi, juu ya kimo cha theluji, akauvika wavu wa waya kuzuia panya. Alipoinua macho alimwona Bi Nafija dirishani. Alikuwa amesimama hapo tangu ngazi iwekwe.

Saa tisa waliliwasha. Punje zikaanza kudondoka moja moja kwenye chungu cha moto, zikalia kama mahindi kwenye sufuria, halafu ulimi wa moto ukasimama. Ragib akazunguka viungo vyote vya ndani na ubani alioomba kwa bibi, akiangalia moshi wake unaelekea wapi. Haukuelekea popote pabaya. Mwisho akatundika kengele ya hewa ya sumu karibu na mlango wa chumba cha kulala, akabonyeza kitufe kuijaribu. Ikapiga kelele ya kutoboa masikio, na bibi akashika ukingo wa meza.

"Kule ilikuwepo hiyo?" akauliza.

Mersiha alitazama chini.

"Haikuwepo," alisema Ragib. "Ilitakiwa iwepo. Sikuiweka."

Bibi akatikisa kichwa kidogo, akamwambia Mersiha amrudishie Zijo ngazi yake, na akiwa huko achukue magunia mawili ya peleti kwa kigari cha theluji, na asikae kupiga soga na mke wa Zijo. Mersiha akatoka. Nyayo zake zikasikika uani, kisha zikapotea.

Ragib akaanza kukusanya vyombo. Alitaka awe amekwisha ondoka kabla binti hajarudi. Bi Nafija akaenda nyuma ya tanuri, akaweka kiganja juu ya bomba la hewa. Lilikuwa limeshafanya umande, baridi kama koo la kisima. Akavuta mkono, akaufuta kwenye aproni.

"Linaleta baridi ndani ya nyumba," akasema.

"Lifunge blanketi kwa juu ukitaka, mama. Kulifunika si kosa. Lakini kule nje, ule mdomo wake..." Alikuwa ameyapanga maneno hayo siku tatu. "Ule mdomo usije ukauziba. Nakuomba sana. Hata kukiwa na baridi ya namna gani."

"Soksi uliipeleka wapi?"

Ragib alibaki ameshika bisibisi. "Soksi ipi?"

"Usinifanye mtoto, Ragib. Mwenzake ninayo, iko kabatini pale, peke yake. Hii nyingine niliiingiza mwenyewe kwenye ukuta wa mwanangu, nikaishindilia kwa mpini wa mwiko. Alikuwa amelala pale chini, mgongo wazi. Nikamfunika, nikaziba, nikaenda zangu kulala." Alisema yote hayo akiwa wima, mikono imefungwa mbele, kama mtu anayejibu mbele ya karani. "Asubuhi tundu liko wazi. Wakaguzi wanasema liko wazi. Nikajua aliyeingia ni wewe tu."

Tanuri likadondosha punje zake. Ragib akakaa juu ya sanduku la kazi.

"Sikutaka ujue," akasema.

"Nilijua kabla sijainuka pale kwenye theluji. Nimekungoja miaka miwili useme. Nikikuona njiani najiambia, leo atasema, mbele za watu, na mimi nitafia hapahapa. Navuka barabara. Husemi. Kesho hivyohivyo. Wewe unadhani ulinificha? Ulinifungia humo ndani peke yangu. Na mimi nikawaacha wakuseme. Zijo anakutukana na kahawa yangu mkononi, nami namwongezea sukari."

"Mama."

"Niliona aibu. Basi. Hakuna neno jingine, ni aibu."

Ragib alitaka kumwambia kwamba kosa lilikuwa lake pia, kwamba angemwambia yeye na si Suad peke yake, kwamba kengele ile ni kitu cha kushikwa kwa vidole viwili na angeweza kuitundika kwa dakika moja. Alikuwa na hasira pia, ya miaka miwili, akaitafuta, akaikuta imechoka kama yeye. Akainuka, akafungua sanduku, akaondoa brashi, akatoa lile kopo la kahawa na kumpa lilivyo.

Bi Nafija alilifungua kwa shida. Akaitoa soksi, akainyoosha juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mistari miwili myekundu, akageuza ndani nje, akatafuta kwa macho ya mfumaji.

"Nondo hawajaigusa."

"Niliiwekea maua ya lavenda."

Bi Nafija akavuta kiti, akakaa, akalia. Hakulia kwa sauti. Ragib akasimama upande wa pili wa meza, hajui mikono yake aiweke wapi, mpaka akammiminia kahawa kutoka kwenye birika la bibi mwenyewe, kama mwenye nyumba, akamsogezea.

"Mersiha nitamwambia," alisema bibi baadaye. "Au sitamwambia. Sijui. Kesho anaendesha gari kwa muda wa saa sita, sitaki aendeshe na hilo."

"Ni lako hilo, mama. Mimi sina neno."

"Na Zijo nitamwambia."

"Zijo mwache."

"Zijo nitamwambia," akarudia. "Sasa twende ukanionyeshe hilo domo lako."

Akavaa viatu vya mumewe na sweta nzito juu ya aproni, wakazunguka kona pamoja, polepole, yeye ameshika ukuta na Ragib ameshika goti. Ng'ambo ya ua nyumba ya Suad ilikuwa imefunikwa theluji mpaka nusu ya mlango. Hakuna aliyeitazama. Ragib akamwonyesha wavu. Bi Nafija akaweka kiganja chake mbele ya wavu huo, akakiacha hapo. Hewa ilikuwa inaingia, kidogo, bila kukoma, na ikavuta ncha ya uzi iliyoning'inia kwenye pindo la mkono wa sweta, ikaielekeza ndani.

"Linavuta," akasema.

"Linavuta."

"Na kule lilikuwa linavuta hivi?"

"Hivihivi, mama."

Hakuondoa mkono mpaka vidole vikawa vyeupe. Mersiha akatokea langoni akikokota kigari, akauliza wanafanya nini wote wawili nje na baridi ile, na mama yake akamjibu kwamba fundi anamfundisha, na yeye afunge lango, upepo unapita.

Ragib alikataa kukaa kula pita, akakubali kufungiwa kipande kwenye karatasi. Akatia sanduku begani. Lilikuwa jepesi, au yeye alilisikia hivyo. Alipofika katikati ya ua aligeuka kuangalia moshi juu ya paa. Ulikuwa mwembamba, karibu hauonekani, unapanda wima. Kisha akatazama chini, dirishani. Bi Nafija alikuwa amesimama nyuma ya kioo, na kioo kilikuwa kimeanza kupata ukungu kwa joto jipya. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni. Mwingine ulikuwa shingoni, kwenye kifungo cha juu cha sweta, na kama alikuwa anakifunga au amekishika tu, Ragib hakuweza kuona vizuri. Alisimama hapo kidogo, theluji ikimwangukia kwenye kofia, akisubiri aone kama mkono ule utashuka.